Tezi Nyeusi

Lifti ya hospitali ilijaa watu pomoni. Daktari wa maabara, gauni lake la zambarau likichungulia chini ya koti jeupe, alikumbatia ndoo yenye mfuniko. Mpasuaji mmoja mrefu, aliyebanwa ukutani, akaikodolea macho.

"Hicho ni chakula cha mchana?"

"Ni utumbo ulioukata asubuhi, daktari. Umeusahau mara hii?"

Watu wote wakajivuta mbali na ndoo. Wao wawili wakaangua kicheko, na lifti ilipofika chini mpasuaji alikuwa ameshapata namba ya simu. Tangu hapo wakaitana Darubini na Kisu.

Mapenzi yalinoga, hadi baba yake Darubini alipogundulika ana saratani ya utumbo mpana, na Kisu akapangiwa kumpasua.

"Mchome ile rangi nyeusi kwenye utumbo kabla ya upasuaji," Darubini alimsihi kwenye simu. "Inaingia kwenye tezi za kando ya utumbo, ambako saratani huanza kusambaa, zinaonekana. Mimi ndiye ninayezisaka kwa vidole ndani ya mafuta ya utumbo mnaoukata, Kisu. Zile ndogo zinatuponyoka. Ikitupita moja yenye ugonjwa, tutamwambia mzee amepona kumbe bado."

"Hapa kwetu hatujawahi kuitumia. Siwezi kukuahidi, mpenzi."

"Angekuwa baba yako ungesema hivyo?"

Darubini hakungoja jibu. Maneno ya Kisu yalikuwa yamemkata maini. Akakata simu, na kila ilipoita tena aliilaza kifudifudi mezani.

Mzee akapasuliwa, akatoka salama. Kwa kuwa Darubini hakuruhusiwa kumpima mzazi wake, kazi ya kuuchunguza utumbo uliokatwa ilikwenda kwa mwenzake wa maabara. Kesho yake mwenzake akampigia.

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Kwenye ubao wa kukatia, katikati ya mafuta ya manjano ya utumbo, tezi zilikuwa nyeusi tii, hata zile ndogo kama punje za mtama.

"Nani kamchoma rangi?"

"Kisu. Mkuu wa idara alimkatalia, akarudi tena na tena mpaka akakubaliwa. Akaenda hospitali nyingine kujifunza. Baba yako mwenyewe aliridhia. Kwani hukuambiwa?"

Darubini akakumbuka simu zote za Kisu alizokataa kuzipokea.

Majibu ya maabara yalipotoka, moja kati ya zile punje ilikuwa na saratani. Akamfuata Kisu, akamkuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kofia ya kijani bado kichwani, macho mekundu kwa uchovu.

"Ungeniandikia hata ujumbe."

"Niliogopa kukupa tumaini kwa maandishi, halafu mkuu anigeuke. Nilitaka unisikie. Hukupokea."

"Nilikuhukumu bure. Nisamehe." Akameza mate. "Moja ina ugonjwa."

"Nimeona. Ataanza dawa mapema, akishapata nguvu. Zitamsumbua, lakini tumejua tunapigana na nini."

Darubini akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kisu akavua kofia, akaifinyanga mikononi.

"Mzee akiweza kukaa kitako, nina jambo la kumwomba."

"Jambo gani?"

"Wewe."

"Niombe mimi kwanza."

Kisu akatazama korido iliyojaa wauguzi na machela, akasogea karibu, akamwomba kwa sauti ya chini. Darubini akakubali. Kisha wakaongozana wodini kumpa mzee habari zote mbili, wakianza na ile mbaya.