Ulimi wa Mzee Barikieli

Ulimi ulitoka taratibu, mwekundu wa kufifia, urefu wake kama kiganja, ukazama ndani ya kata ya mbege, pombe ya ndizi. Wageni waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Wengine waligusa miwani yao ili ipige picha. Ulimi ukazunguka mara moja chini ya povu, ukatulia, kisha ukarudi ndani ya kichwa cha chuma kilichofungwa kwenye mkono wa roboti. Ikasikika sauti ya mzee, yenye mikwaruzo ya mtu aliyevuta tumbaku tangu ujana.

"Imefika."

Makofi yakapigwa. Mzee Temu, mwenye kilabu, alishusha pumzi na kuegemea nguzo. Alikuwa ameishika nguzo hiyo tangu wageni walipoingia, lakini hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo.

Jina la kiofisi la mashine ile lilikuwa mwonjaji-mnemba, ila kuanzia Moshi mjini hadi Marangu hakuna aliyeiita hivyo. Waliiita Mzee. Ulimi wake ulifumwa kwa nyuzihisi, nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kila uzi ulitambua ladha kama mshipa wa fahamu unavyotambua. Kutambua si kazi kubwa. Kazi ni kuhukumu, kusema hii imeiva na ile bado, na hilo mashine ilifundishwa na mtu. Barikieli Kileo, enzi za uhai wake, ndiye aliyeitwa kuonja kila pipa la mbege kabla ya harusi yoyote ya maana mlimani. Alipougua, wahandisi walimwekea nyuzihisi juu ya ulimi kwa miezi yake ya mwisho, wakamletea mbege za kila namna, na akili mnemba ikajifunza kila alichoonja na kila alichokisema. Kisha Barikieli akafariki. Ulimi ukabaki, na sauti ikabaki nayo.

Aliyeitunza mashine hiyo, akiusafisha ulimi kwa maji ya uvuguvugu baada ya kila kilabu, alikuwa Mhandisi Aikande Kileo, bintiye Barikieli. Watu wa shirika lililomiliki mashine walidhani amekubali kazi hiyo kwa sababu ya cheo. Ukweli ni kwamba aliikubali ili awe anamsikia baba yake kila siku.

Wageni walitoka nje na vikombe vyao vidogo. Aikande, akifunga sanduku la mashine, aliwaona kupitia dirisha. Walitabasamu, wakasifu, wakagonganisha vikombe. Kisha mmoja mmoja akasogea kwenye migomba kana kwamba anatazama mandhari, akamwaga. Migomba ya Mzee Temu ilikuwa imenyweshwa hivyo msimu mzima, na mahali pale palinuka kuliko kilabu chenyewe.

Aikande akafikiri: wageni hawa hawajui kitu kizuri. Yeye mwenyewe alikuwa hajanywa mbege tangu matanga ya baba yake. Kanuni ya shirika ilimkataza mtunza mashine kuonja, asije akabishana nayo.

Kigari cha kamba kiliwapandisha juu ya mashamba ya kahawa kuelekea kilabu cha pili. Hiyo ndiyo ilikuwa Njia ya Vilabu, fahari ya mlima mzima. Kilabu kilichoambiwa "Imefika" kiliingizwa kwenye ramani, na vigari vikasimama mlangoni. Kilichoambiwa "Haijafika, ongeza," vigari vilikipita juu kwa juu, na mwenye kilabu akabaki anahesabu matumbo ya vigari.

Safari hii kilabu cha pili kilikuwa cha Anansia, dada yake Barikieli. Mara ya mwisho Mzee alimwambia aongeze, na tangu siku hiyo hakuna kigari kilichosimama kwake. Leo alikuwa anapimwa upya.

"Shikamoo shangazi," Aikande alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hao waajiri wako hawakupi nafasi ya kula?" Anansia alimkumbatia kwa mkono mmoja, kisha akaigeukia mashine, kama alivyofanya siku zote, akainamisha kichwa. "Shikamoo kaka."

Mashine haikujibu salamu. Haikufundishwa.

"Umeongeza, shangazi?" Aikande alinong'ona.

"Nimeongeza mpaka nikaona aibu."

Hapakuwa na haja ya kuuliza ameongeza nini. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Utamu hutoka humo. Uchungu hutoka kwenye gome la mti wa msesewe, na gome hilo hutiwa kidogo tu, kwa mkono wa mtu anayejua. Kila mara Mzee aliposema ongeza, ni msesewe aliokuwa akiudai.

Anansia akachota kata ya kwanza. Kwa desturi ya mlimani, anayemimina hunywa kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hapewi kitu ambacho mwenyeji anakiogopa. Akanywa. Uso wake ukajikunja, akajikaza kisabuni, akameza. Akachota tena kwa ajili ya Mzee. Hapo kata ikamponyoka. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa kiti, halafu akalala ubavu.

"Shangazi!"

Aikande alipiga magoti, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nyuma yake mashine, ambayo ratiba yake ilikuwa imeshaanza, ilijinyoosha juu ya pipa, ikatumbukiza ulimi, ikazungusha.

"Imefika," ilisema sauti ya Barikieli.

Mgeni mmoja akapiga kofi moja kwa mazoea, kisha akaficha mikono yake mfukoni.

Daktari Halfani alifika kwa ndege-machela, chombo kidogo cha mabawa manne kinachotua hata uani. Alimfunga mgonjwa kipimo mkononi, akatazama namba, akatikisa kichwa.

"Shinikizo la damu limeshuka mno. Atapona, nimewahi." Alimtazama Aikande. "Lakini huyu si wa kwanza. Wapika pombe wa njia hii wananijia wote na jambo lilelile. Kizunguzungu, miguu mizito, wanashika kuta. Wageni wao wazima. Mnatia nini humo?"

"Ndizi. Ulezi. Msesewe."

"Msesewe kiasi gani? Maana gome lile likizidi hushusha shinikizo la damu. Mgeni anaonja kikombe, basi. Mpika pombe anaonja kila chungu, asubuhi hadi jioni, kisha ananywa kwanza mbele ya kila mgeni. Piga hesabu wewe, mhandisi."

Aikande hakupiga hesabu. Aliokota kata chini, akaisuuza, akachota kwenye pipa lililoambiwa imefika, akanywa. Kanuni na ziende zikalale.

Ilikuwa chungu. Siyo uchungu wa mbege unaokuja mwishoni na kuondoka. Ulimi wake ulikufa ganzi, machozi yakamtoka, akatema kwenye majani. Watu wa mlimani walikuwa wanakunywa hii? La, hawakuwa wanakunywa. Ndipo alipokumbuka kwamba ni siku nyingi hajamwona jirani yeyote ndani ya vilabu hivi, wageni watupu.

Alikaa na shangazi yake katika zahanati, dripu ikidondoka. Anansia alipofumbua macho, swali lake la kwanza lilikuwa:

"Amesemaje?"

"Amesema imefika."

"Afadhali." Akafumba tena.

"Shangazi, wewe ulipoionja uliionaje?"

Anansia alifumbua macho tena. "Mbaya. Mbaya sana, mwanangu. Kaka yangu alikuwa ananigombeza kwa msesewe. Tangu tukiwa wasichana na wavulana: 'Anansia, unatuua, punguza mkono.' Halafu baada ya kufa anasema ongeza. Nilishangaa. Lakini nani atambishia marehemu?"

Aikande aliinuka, akaenda dirishani, maana hakutaka kuonwa uso wake. Alikuwa amemwona baba yake kitandani, nyumbani, miezi ile ya nyuzihisi. Alimwona akichukua vidonge vyake, vile ambavyo muuguzi alishauri vifichwe ndani ya ndizi kwa jinsi vilivyokuwa vichungu, akavitafuna vikavu kama karanga huku akizungumza. Walicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Walimwona mzee jasiri. Na alipoletewa mbege akasema, "Mbege zenu za siku hizi ni maji ya sukari," kila aliyekuwapo aliitikia, "Kweli kabisa, mzee." Nani angemwambia mtu wa heshima kama ile kwamba mbege haijabadilika, ulimi wake ndio umebadilika? Dawa zilikuwa zimeua uwezo wake wote wa kuonja uchungu. Heshima yao ikaandikwa ndani ya mashine, na sasa mlima mzima ulikuwa ukipika pombe ya kumridhisha mgonjwa.

Alimpigia mkurugenzi wa shirika, Bwana Rweyunga, akamweleza yote.

"Rekebisha basi," Rweyunga alisema. "Shusha hicho kipimo cha uchungu."

"Haiwezekani. Hukumu yake yote imefumwa kwenye kitambaa kimoja. Nikivuta uzi wa uchungu, kinafumuka chote. Nikitaka iache kudai msesewe, lazima niufute ulimi wote."

"Na sauti?"

"Vilijifunza pamoja. Vitaondoka pamoja."

"Watalii wanakuja kumsikia yeye, Aikande. Ngoja msimu uishe. Wape wapika pombe ushauri, wasiwe wanameza."

"Mpika mbege asimeze?"

"Wajifanye."

Aikande alikata simu. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilikuwa imefurahi kusikia neno ngoja.

Akangoja, lakini siyo msimu. Alingoja hadi shangazi yake alipopata nguvu ya kusimama jikoni, huku mashine ikiwa imefungwa ndani ya sanduku na vigari vikipita bila kutua popote, kwa kuwa hapakuwa na Mzee wa kuonja. Rweyunga alituma ujumbe, akatuma tena. Aikande hakufungua hata mmoja.

"Nataka unipikie mbege," alimwambia Anansia. "Ile ya zamani. Ile aliyokuwa akiipenda."

Anansia hakuuliza sababu. Alipika. Siku mbege ilipokuwa tayari, walikuwa wawili tu uani, mchana kweupe, na harufu ya ndizi zilizochachuka iliwavuta majirani wawili watatu hadi kwenye ua, wakachungulia, wakaondoka wakimeza mate.

Aikande aliitoa mashine. Alikuwa na tumaini moja la kijinga, na alijua ni la kijinga. Kwamba huenda chini ya yale mafunzo ya miezi ya mwisho kulikuwa na Barikieli mzima, na kwamba angeitambua mbege ya dada yake.

Ulimi ukatoka. Ukazama. Ulikaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Haijafika," sauti ilisema. "Ongeza."

"Baba, hii ni ya shangazi Anansia."

Alijua mashine haisikii. Akaipandishia kata tena. Ulimi ukazunguka, polepole, ukitafuta.

"Haijafika. Ongeza."

Alikuwa ameyasikia maneno hayo katika vilabu vyote vya mlimani na kila mara yalimfikia kama amri ya bingwa. Leo aliyasikia kama yalivyosemwa siku ile ya kwanza, kitandani, na mtu aliyepewa kikombe cha kitu alichokipenda maishani mwake na asikute chochote ndani yake. Hakuwa akihukumu. Alikuwa akiomba. Na wao walimzunguka na vifaa vyao, wakaandika, wakamjibu kweli kabisa, mzee. Hakuna aliyemshika mkono na kumuuliza kama bado anasikia ladha.

Aikande akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia matangani.

Anansia alisimama kando yake, mkono mmoja ukutani. "Unamfanyaje?"

"Namruhusu apumzike."

"Mwambie kwanza, basi. Usimfanyie kimyakimya, si vizuri."

Aikande aliweka kidole kwenye swichi ya kufuta iliyokuwa nyuma ya kichwa cha chuma, mahali ambapo angekuwa na kisogo. Ulimi ulikuwa bado nje, umelowa, unangoja.

"Imefika, baba," alisema. "Imefika vizuri."

Akabonyeza. Nyuzihisi zililegea zote kwa pamoja, na ulimi ukaning'inia.

Kigari kilipita juu yao kikiwa tupu. Kisha Anansia akachota kata moja, akanywa yeye kwanza, akaifuta ukingo kwa kiganja, na kumpa mtoto wa kaka yake.