Maneno Yaliyokwanguliwa

Ujumbe ulitoka mahali fulani ukiwa umevikwa nguo tatu. Kituo cha kwanza, Kigoma, kiliuvua nguo ya juu, kikakuta maagizo ya kuupeleka Antananarivo, basi. Kikaupeleka. Antananarivo wakavua ya kati. Kituo cha tatu, kilichofichwa nyuma ya ghala la kahawa huko Mbinga, kikavua ya mwisho na kuufikisha mikononi mwa aliyetumiwa. Cha kwanza kilijua ulikotoka lakini si uendako, cha tatu kilijua uendako lakini si ulikotoka, na cha kati, maskini, hakikujua lolote. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Chombo hicho kiliitwa Kificho, na hakuna jiji lililokipenda kama Makambako. Zama hizo kila nguzo ya taa ilikuwa na jicho. Ukipita mbele ya duka la viatu, duka lilikuwa limeshajua ukubwa wa mguu wako na vidole vinavyokuuma. Ukisoma habari za ugonjwa asubuhi, mchana unaletewa tangazo la dawa, jioni majirani wanakupa pole. Kwa hiyo watu waliotaka kusoma, kuuliza au kulia bila kutazamwa waliingia Kificho, wakapewa majina ya miti, wakapumua.

Injinia Enesia Sanga alikuwa mmoja wa walinzi wake. Kazi ya mlinzi ilikuwa kuketi ghorofa ya thelathini, upepo wa Makambako ukipiga vioo, na kungoja kengele. Kificho hakikumsikiliza mtu yeyote isipokuwa kwa jambo moja: mtu akitishiwa kuuawa, kengele hulia na mlinzi huletewa maneno ayasome. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la zamani. Mlinzi naye ni binadamu na ana mdomo. Akiyasoma maneno ya watu, siri iko wapi?

Enesia ndiye aliyelitatua. Alibuni Kikwangua, mashine inayopitia maneno kabla hayajamfikia mlinzi na kuyaondolea kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Majina yalitoka, vijiji vikatoka, makabila, vyakula na methali vikatoka. Hata kicheko alikitoa, kwa sababu alipokuwa akifanya majaribio aligundua kwamba kicheko nacho kina kwao: wapo wanaoandika "kwikwikwi" na wapo wa "eheee". Wanaoandikiana wenyewe waliendelea kusoma maneno yao kama walivyoyaandika. Mlinzi peke yake ndiye aliyepata mifupa. Enesia alipewa tuzo kwa kazi hiyo, na kusema kweli alijivuna nayo, kwa nini asijivune?

Alasiri hiyo kengele ililia. Mwenzake wa zamu, Danstan Chengula, alisogeza kiti wakasoma pamoja. Mtu aliyeitwa Mvule alikuwa amemwandikia mtu aliyeitwa Mninga:

"Wewe … nikikushika nakuzika mzima mzima … Mwaka huu huupiti. … Kaburi lako nimeshalipima …"

Palipokwanguliwa palibaki nukta tatu.

"Funua," Chengula alisema.

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini, dada? Mwaka jana nilisubiri mimi. Nikasema ni ugomvi wa wapenzi, utapoa. Yule binti wa Uyole tukamwona kwenye habari." Chengula hakupenda kumtaja binti yule, na kila alipomtaja alishika shingo yake mwenyewe. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Enesia alikijua kinachofuata akibonyeza kitufe cha kufunua. Mahali alipo Mvule pangepelekwa polisi. Mahali alipo Mninga pangepelekwa polisi na pia kwa ndugu yake wa karibu, ili msaada uwahi. Kisha Mninga asingeweza kurudi Kificho tena maishani, maana aliyefunuliwa mara moja huacha harufu, na mashine za mjini hazisahau harufu. Na mtu haingii Kificho kwa kupenda giza. Huyu Mninga alikuwa anamkimbia nani, au nini? Kama vitisho ni vya kweli na asifunue, Mninga atakufa. Kama si vya kweli na akafunua, atakuwa amemvua nguo mtu sokoni. Muda wa kuamua ulikuwa nusu saa.

Kilichomchanganya ni jibu la Mninga. Lilikuja haraka, bila woga wowote: "Utatangulia wewe. … Jeneza lako nimelilaza uvunguni …" Mtu anayetishiwa hujibu hivyo? Labda na yeye ni muuaji. Labda wote wawili ni wauaji na walistahili kuachwa wamalizane, wazo ambalo Enesia alilionea aibu papo hapo.

"Sheria inaturuhusu kumuuliza swali moja," alisema.

"Muulize, lakini uamue."

Akaandika: "Hapa ni walinzi wa Kificho. Je, huyu Mvule ni hatari kwako?"

Wakangoja. Chai ya Chengula ikapoa. Jibu likaja, limekwanguliwa vizuri, safi kabisa:

"Hatari? Huyo ataniua hata kesho. … Ukoo wao wote ni wauaji, waulizeni waliokufa. … Mkamateni mumfunge kamba …"

Chengula alimtazama tu. Enesia alihisi tumbo likimwambia hapana na akili ikimwambia ndiyo, na kwa kuwa alikuwa msomi aliisikiliza akili. Akabonyeza.

Kificho kilipofunuka, maneno yalirudi yote kama yalivyoandikwa, na mbele yao yakasimama hivi:

"Wewe mla panya wa Songea, nikikushika nakuzika mzima mzima na panya wako mkononi! Mwaka huu huupiti. Asali yote niliyokufundisha kurina unawapa panya. Kaburi lako nimeshalipima, fupi, maana Mngoni hakui. Kwikwikwi."

Na Mninga: "Utatangulia wewe, mla mbwa. Jeneza lako nimelilaza uvunguni, mbwa wa Iringa wote wanakuja kushangilia. Eheee!"

Na lile jibu kwa walinzi: "Hatari? Huyo ataniua hata kesho. Si Mhehe huyo? Ukoo wao wote ni wauaji, waulizeni waliokufa. Bahati yetu Wangoni tuna mbio. Mkamateni mumfunge kamba kama mbwa anaotaka kuwala. Eheee!"

Chengula alianza kucheka kisha kicheko kikamkwama. "Mungu wangu, Enesia. Hawa ni watani."

Enesia alikuwa amezaliwa na kukulia katika majengo marefu ya Makambako, akacheza na watoto wenye majina ya kuficha, akasoma na watu asiowajua sura. Utani aliusikia kama mambo ya misibani, kwamba wapo watu wa kabila fulani wanaoruhusiwa kukutukana hata mbele ya maiti ya baba yako, na huruhusiwi kukasirika. Alichokuwa hakijui ni kwamba ukiulizwa na mgeni habari za mtani wako, humtetei. Unamtukana zaidi. Kumtetea ni kumvunjia heshima.

"Basi tumpigie huyu Mninga tumwombe radhi," alisema. "Si kosa kubwa sana. Au ni kubwa?"

Chengula alikuwa akisoma kioo kingine. Ndugu wa karibu alikuwa ameshajibu. Kumbukumbu za jiji zilimwonyesha kuwa ni Ponsiano Ngonyani wa Songea, mume wa Skolastika Komba, ambaye ndiye Mninga. Ujumbe wake ulikuwa mfupi na wa adabu: "Asanteni sana. Nilikuwa namtafuta. Napanda treni sasa hivi."

Enesia aliusoma tena na tena. Hakuna neno baya hata moja ndani yake, na bado ulimtia baridi.

Akapiga simu Mafinga, alikoonekana Skolastika. Ikapokewa.

"Shikamoo, mama. Naitwa Enesia, mlinzi wa Kificho."

"Namba hii nani kakupa?"

"Tumekufunua, mama. Tulidhani yule Mvule anataka kukuua."

"Babu yule?" Sauti ilitaka kucheka. Kisha ikabadilika. "Mmenifunua kwa nani?"

"Kwa polisi. Na ndugu yako wa karibu."

"Ndugu yangu wa karibu ni nani?"

Enesia alimsomea jina. Upande wa pili kilisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa juu ya sufuria, taratibu, kama mtu anayemaliza kazi yake kwanza.

"Huyo alinivunja mkono huu mara mbili," Skolastika alisema. "Wazee wa ukoo wakasema mambo ya ndani hayatoki nje. Nikatoka mimi. Nimekaa mwaka mzima hapa sijulikani, nafuga nyuki."

"Nilikuuliza, mama. Ukasema atakuua."

"Nilikuwa nacheka, mwanangu. Hukuona nacheka?"

Enesia alifunga macho. "Kicheko tunakikwangua," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Akawapigia polisi wa Mafinga. Mtambo wa polisi ukatafuta na kusema kwamba hakuna malalamiko yoyote yaliyowahi kuandikishwa dhidi ya Bwana Ngonyani. Mtishiwa anafuatwa na mumewe, kwa hiyo yuko salama, na askari wote wa zamu wako Iringa kwa mtuhumiwa. Enesia akabishana na mtambo, jambo ambalo hata yeye aliyeishi kwa mitambo alijua ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ikabaki Iringa. Mtuhumiwa, yule Mvule, kumbe Mzee Kihwele, alionekana kwenye kioo amekaa kizingitini mwa nyumba yake, roboti wawili wa polisi wamesimama kila upande.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Kumbe ni ninyi mlionitumia haya makabati?"

"Mzee, yule uliyemwandikia unamjua?"

"Simjui jina wala sura. Alikuja kwenye baraza la wafuga nyuki humo Kificho kuuliza namna ya kutuliza mzinga. Nikamtambua kwa maneno ni Mngoni, nikamtukana, naye akanirudishia. Tangu hapo kila jioni tunatukanana. Hana mtu mwingine huyo, nilishamwona. Mtu mwenye watu hajibu haraka vile."

"Mumewe anamwendea, mzee. Ni mtu mbaya. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Mzee Kihwele hakumlaumu wala hakumfariji. Alisimama akajipangusa suruali. "Yuko wapi?"

"Mafinga."

"Karibu hivi? Mwaka mzima yuko Mafinga, kwetu huku, na hakuniambia?" Akatikisa kichwa. "Yaambie haya makabati yanipishe. Gari langu ni bovu, lakini linafika."

Enesia aliandika amri ya kumwachia, Chengula akaweka sahihi yake ya pili bila kuulizwa. Roboti wakasogea. Mzee akaondoka bila kuaga.

Hapo kioo kikaleta ombi jipya kutoka kwenye treni. Ndugu wa karibu aliomba aonyeshwe mahali alipo mkewe kila dakika, asije akapishana naye njiani. Mashine ilikuwa imeundwa kukubali ombi la namna hiyo. Ilimpa Enesia heshima ya kuulizwa tu.

"Unaweza kulikataa," Chengula alisema. "Lakini njia ni moja. Ukimfungia yeye, umezima yote. Sisi pia hatutamwona. Wala yule babu. Na kesho tutaitwa."

Enesia akarudi kwenye simu. "Mama, mtani wako anakuja. Toka hapo nyumbani, mngojee njiani, barabara ya Iringa. Simu iache. Nikikata, hatutajua ulipo. Hakuna atakayejua."

"Yule babu anakuja mwenyewe? Nitamtambuaje?"

Walikuwa wamejuana mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona sura ya mwenzake.

"Haya," Skolastika alisema. "Nitamtukana kila mwenye gari bovu. Atakayenirudishia ndiye."

Simu ikakatika. Enesia akazima. Alama ya Mafinga kwenye ramani ilififia, na ya treni ikafuatia. Kikabaki kioo kitupu na sura yake mwenyewe ndani yake. Huko nje watu watatu walikuwa wakielekea mahali pamoja, na yeye, aliyebuni namna ya kuficha kila kitu, sasa alikuwa amefichwa kila kitu. Alikuwa amefanya vyema? Alikuwa amefanya vibaya mara mbili? Hakujua hata ahesabu vipi.

Akampigia mama yake Makete, bila kujua kwa nini.

"Mama, shikamoo. Sisi Wakinga watani wetu ni akina nani?"

Watu hawaulizi jambo hilo bure.

"Kwani nani amefariki?" mama yake aliuliza.

Enesia alitazama kioo kitupu, akaitazama simu, akamtazama Chengula aliyekuwa ameshika shingo yake.

"Sijui bado, mama," alisema.