Chupa ya Mwaija Posta

Kila kulipokucha, Mwaija alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamsaidia bibi yake, Bi Mwanamkasi, kupika vitumbua vya kuuza. Dunda nzima, pale Bagamoyo, hapakuwa na vitumbua vilivyoumuka kama vile. Bibi alikandia unga wa mchele kwa tembo la mnazi lililogemwa alfajiri, likiwa bado tamu. Alitia kidogo tu, unga uumuke. Kulinywa? Hata kulilamba hakutaka.

Siku moja ya likizo zilifika salamu kutoka Tanga. Shangazi Mina alikuwa anamwoza binti yake, na alikwisha kujigamba kwa wakwe kwamba watakula vitumbua vya Bagamoyo. Alipojaribu kuvipika bila tembo la Bibi, vilitoka bapa kama soli za viatu. Harusi ilikaribia, na wakwe wenyewe walikuwa watu wa kusema.

"Peleka chupa hii posta," alisema Bibi, akiiziba kwa gunzi. "Lakini muulize kwanza karani kama tembo linapokelewa. Mimi sheria zao sizijui."

Mwaija akatoka mbio, chupa ikirukaruka kikapuni, jua likiichoma. Posta alimkuta Ashatu, mwenzake wa chuo cha Kurani, akinunua stempu. Aibu ikamshika. Mtoto wa chuoni na tembo!

"Shikamoo, Bwana Rehani."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?" aliuliza karani.

"Asali," alijibu Mwaija, akitazama miguu yake.

Bwana Rehani aliiweka chupa mezani. Ikanguruma. Akainama aitazame vizuri, na hapo gunzi likafyatuka, pwaa! Likaipiga tarbushi yake, tarbushi ikaruka mpaka dirishani. Povu likamwagika mezani, likamtiririkia mapajani.

"Nyuki wa wapi hawa," aliuliza Bwana Rehani, ndevu zikidondosha povu, "wanaotengeneza asali ya kupiga bunduki?"

"Nyuki wake wamelewa!" alisema Ashatu, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaija alitaka kucheka, akajikuta analia. Akasema yote: tembo, vitumbua, shangazi na wakwe.

"Vileo havipiti posta, hata kijiko," alisema Bwana Rehani, akijipangusa. "Tembo huchacha njiani, chupa hupasuka, barua za watu zikalowa. Ungeuliza, ningekwambia: kitu kikavu kisicho kileo napokea. Haya, shika tambara."

Mwaija alifuta meza. Ashatu, bado akicheka, akamsaidia.

Nyumbani Bibi aliposikia habari ya tarbushi, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafikiri. Akakanda unga kwa tembo, akauacha uumuke, akaumegamega juu ya ungo na kuuanika juani. Ulipokauka kau, akausaga ukawa chachu, akaufunga kitambaani.

Mwaija akarudi posta. Bwana Rehani alivua tarbushi yake kwanza, akaiweka mbali.

"Leo umeleta nini?"

"Chachu kavu. Ni unga wa mchele uliokandwa kwa tembo, ukaanikwa. Tembo lenyewe limebaki Dunda."

Karani akanusa, akatikisa, akagonga muhuri.

Baada ya harusi zikaja salamu nyingine: vitumbua viliumuka kama mito, na mama mkwe alificha vitatu ndani ya kanga. Bibi akapiga kigelegele, kisha akamvuta Mwaija karibu.

"Siku nyingine ukiulizwa, sema kweli, mjukuu wangu. Karani hali watu. Usipomwambia wewe, chupa itamwambia."