Mizigo Miwili Pale Mpemba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Witness aliwapa nguruwe pumba, akafagia uwanja, kisha akamchemshia bibi yake maji. Siku hizi maji yale hayakuwa ya chai tu. Kifundo cha mkono wa Bibi Ruti kilikuwa kimevimba, na Witness alikikanda kwa kitambaa cha moto. Alikikanda huku ameuma meno.

"Polepole, mjukuu wangu. Unanikanda au unanipiga?"

"Samahani, Bibi. Nilikuwa namfikiria yule."

"Basi mfikirie ukiwa umeshika jembe, siyo mkono wangu."

Yule alikuwa Clever, konda wa Kosta nyeupe yenye mstari wa kijani, inayopita hapo Ihanda ikitoka Vwawa kwenda Tunduma. Kila asubuhi Kosta hiyo ilisimama kituoni, na Clever aliruka chini akipiga kelele na kugonga bodi kama ngoma. Witness alikuwa akimtazama tangu gari linasimama mpaka linapotelea kwenye kona. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kumwona Clever analia.

Na hasira yake haikuwa ya bure. Jumamosi moja, yeye na Bibi walipanda Kosta ile kwenda Tunduma kwenye ubatizo wa mtoto wa shangazi Jenista. Bibi ndiye aliyetakiwa kumbeba mtoto mbele ya kanisa na kulitaja jina lake. Alikuwa amechagua Enesi, jina la marehemu mama yake, na wiki nzima alikuwa akilitamka jikoni peke yake, akijaribu sauti. Miguuni aliweka kiroba cha maharage ya kuwapikia wageni.

Walipofika Mpemba, malori yanayosubiri kuvuka mpaka yalikuwa yamepanga foleni isiyo na mwisho. Clever akagonga bodi.

"Mwisho wa gari! Bamayo, shuka!" alisema, maana bamayo ni mama kwa Kibemba, na alipenda kukichomeka ili aonekane mtu wa mpakani.

"Mwanangu, sisi tumelipa mpaka Tunduma," Bibi alimjibu.

"Foleni hiyo huioni? Haya, nisaidieni kushusha mizigo miwili hapo nyuma. Kiroba na bibi!"

Abiria wakacheka. Kiroba kikarushwa kwenye tope, Bibi akakimbilia kukidaka, akaangukia mkono. Kosta ikageuza na kurudi Vwawa kuchukua abiria wengine. Mvua ikaanza.

Walipofika Tunduma kwa miguu, wamelowa chapachapa, watu walikuwa wakila pilau. Kanisani mtoto alikuwa amebebwa na mama jirani, ambaye kwa haraka aliyokuwa nayo alilitaja jina la Brightness. Bibi alitabasamu, akampongeza kila mtu, akala vijiko viwili vya pilau. Njiani kurudi alifunika uso kwa kanga. Witness aliona mabega yake yakitikisika, na hapo ndipo alipoapa kwamba Clever atalipa.

Jinsi ya kumlipisha ndiyo iliyokuwa shida. Alifikiria kumrushia mawe, alifikiria upupu. Jibu lilimjia darasani, kwenye kipindi cha Uraia, Mwalimu Nikodemo alipofundisha jinsi usafiri wa mkoa unavyoendeshwa.

"Gari la abiria halitembei kama mbuzi aliyekata kamba," alisema mwalimu. "Iko mamlaka inayolisimamia. Mamlaka inampa mwenye gari leseni ya ruti, inapanga nauli, na inamsajili dereva wa kila gari. Ina wakaguzi wa barabarani, na ina afisa anayesikiliza malalamiko ya abiria. Namba yake ya simu imebandikwa ndani ya kila gari, ila ninyi mnasoma maneno ya kuchekesha tu."

Witness akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakikatisha ruti wanafanywa nini?"

"Mwenye gari hutozwa faini."

"Basi?"

"Ulitaka wanyongwe?" Darasa likacheka. "Makosa hayalingani. Dereva akituhumiwa kuendesha amelewa, hapo hakuna mchezo. Gari na watu wake wanasimamishwa siku hiyohiyo mpaka shauri lisikilizwe."

Witness alikaa. Goodness, rafiki yake wa dawati moja, alimnong'oneza kitu akacheka, lakini Witness hakukisikia. Alikuwa akisikia maneno mawili tu, amelewa na wanasimamishwa.

Jioni alinakili namba ile kwenye gari lililosimama kituoni, akaazima simu ya Bibi, akaenda nyuma ya banda la nguruwe. Mama mmoja mwenye sauti ya upole alipokea. Witness alimsimulia yote: Mpemba, kiroba, tope, mkono wa Bibi. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini yule mama aliitikia tu, na Witness akaogopa kwamba yataishia kwenye faini.

"Na dereva alikuwa amelewa," akaongeza. "Gari lilikuwa linayumba."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

Ukweli ni kwamba alikaa siti ya nyuma kabisa, na hata kisogo cha dereva hakukiona.

Kesho yake Kosta yenye mstari wa kijani haikupita, wala keshokutwa yake. Witness alifagia uwanja akiimba, na nguruwe walipata pumba za ziada. Lo, kisasi ni kitamu! Alimwazia Clever amekaa kwao, mkono shavuni, hana gari la kugonga.

Utamu ule uliisha shuleni. Goodness alikuja macho yamevimba.

"Baba kazuiwa kuendesha," alisema. "Kuna mtu kapiga simu kuwa Jumamosi ile ya mvua Baba alikuwa amelewa."

Witness akamgeukia. "Kwani baba yako anaendesha gari gani?"

"Si ile Kosta ya mstari wa kijani! Wewe hujui? Kahamia mwezi huu."

"Lakini Jumamosi ile..."

"Jumamosi ile hakuwepo hata! Alikuwa Itumba kwenye msiba. Gari alimwachia deiwaka." Deiwaka ni yule dereva wa kushika usukani kwa siku moja, mwenyewe akiwa na dharura, na madereva wengi huachiana magari hivyo bila kumwambia mtu. "Mamlaka wanajua jina la aliyesajiliwa tu. Deiwaka kapotelea Saza huko machimboni, na Clever kapata Kosta nyingine, anadunda. Baba ndiye anayeumia. Huyo mwongo aliyepiga simu, Witness, nikimjua nitamfanyia kitu asahau jina lake."

Witness alimtazama rafiki yake na kuona uso ambao aliujua vizuri. Ulikuwa uso wake mwenyewe wa kila asubuhi.

Mamlaka iliita pande zote mbili ofisini Vwawa siku ya Jumatano. Bibi alivaa gauni la kanisani. Tangu Jumatatu Witness hakuwa akila vizuri. Akisema kweli, Clever angecheka na kwenda zake, na mkono wa Bibi ungekuwa umeumia bure. Akinyamaza, baba yake Goodness angekosa leseni, ilhali hakuwa na kosa hilo. Njia nzima alijaribu kutafuta mlango wa tatu, asiupate.

Afisa wa malalamiko, mama Frida, ndiye yuleyule mwenye sauti ya simu. Upande mmoja alikaa Baba Goodness, bwana Emanueli, kofia mapajani. Kando yake alikaa mwenye gari, na mwisho wa benchi alikuwa Clever, akitafuna kijiti.

"Shikamoo," Witness alisema.

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Witness."

Clever akacheka. "Makubwa! Hata jina lenyewe ni shahidi."

"Jina zuri," alisema mama Frida bila kumtazama. "Basi, shahidi, niambie ulichokiona wewe. Siyo ulichosikia, wala ulichotaka kiwe."

Bibi alikuwa akimtazama kwa fahari, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Sikumwona dereva," Witness alisema, na machozi yakaanza. "Nilisema amelewa ili Clever asimamishwe. Nilidanganya. Baba Goodness, nisamehe, sikujua ni wewe unayeliendesha gari lile."

Bwana Emanueli alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Bibi aliinamisha kichwa. Clever ndiye aliyeruka.

"Si mnaona! Mtoto mwongo huyu! Mambo ya kiroba, mambo ya kuanguka, yote kayatunga! Tufunge shauri, mama, tuna kazi."

Witness alimchukia wakati ule kuliko siku zote, na akajichukia yeye mwenyewe, maana ni yeye aliyempa yale maneno.

"Kwa hiyo siku ile hamkukatisha ruti?" mama Frida aliuliza taratibu.

"Hatujawahi!"

"Bibi huyu mlimfikisha Tunduma?"

"Mama, na foleni ile ya malori ningefikaje Tunduma? Labda ningepaa!"

Mwenye gari alijipiga paji la uso. Clever akagundua alichokisema, akatema kijiti.

"Ahsante," alisema mama Frida. "Sasa tunaelewana."

Bwana Emanueli naye alikiri kwamba aliliacha gari kwa deiwaka aliyetafutwa na Clever, bila kuitaarifu ofisi. Mama Frida akatoa uamuzi. Emanueli arudi kwenye usukani siku hiyohiyo, ila apewe onyo, maana mamlaka haiwezi kuwalinda abiria ikiwa haijui nani anaendesha. Mwenye gari alipe faini. Clever asifanye kazi kwenye gari lolote la mkoa mpaka amalize mafunzo ya makondakta, na amwombe Bibi radhi.

"Samahani, Bibi," Clever alisema akitazama ukuta.

"Hiyo uliyoitoa ni ndogo," Bibi Ruti alijibu. "Mimi Jumamosi nampelekea binti yangu maharage tena. Yale ya kwanza yalilowa tope. Uje kituoni asubuhi."

"Bibi, hilo sasa siyo la ofisi," mama Frida alisema, akizuia kicheko. "Lakini mkikubaliana, siwazuii."

Walipokuwa wakitoka, mama Frida alimshika Witness bega. "Ulikuwa na haki yako mkononi, nzima, inatosha. Ulipoitia uongo, ulimpa Clever mahali pa kujificha. Siku nyingine ukidhulumiwa, leta kweli peke yake."

Goodness aliambiwa siku hiyohiyo. Hakupiga kelele wala hakutimiza kile alichoapa. Alihamisha begi lake akakaa dawati la mbele na Nesta, na Witness akabaki na nafasi tupu kando yake. Ingekuwa afadhali apigwe.

Jumamosi ilipofika, Kosta yenye mstari wa kijani ilisimama Ihanda, Emanueli akiwa kwenye usukani na Goodness siti ya mbele. Clever alikuja kweli, amevaa kofia ameivuta mpaka machoni. Bibi aliingia, Witness akafuata na kiroba. Walipofika Mpemba malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, na Emanueli akapunguza mwendo.

"Mwanangu, simama kidogo," Bibi alisema.

Kosta ikasimama. Witness alitabasamu. Alikuwa ameisubiri dakika hii tangu siku ile ya tope.

"Kuna mizigo miwili ya kushusha hapa," Bibi alitangaza kwa sauti ya kufika siti ya nyuma. "Clever, na mjukuu wangu. Mimi nafika mwisho wa ruti."

Abiria waliangua kicheko. Tabasamu la Witness likayeyuka.

"Na mimi, Bibi?"

"Wewe ulimshusha Baba Goodness kwenye gari lake bila kosa. Shuka, shika upande wa pili wa kiroba."

Wakashuka. Goodness alichungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alicheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kosta ikaondoka polepole ikifuata foleni.

Kiroba kilikuwa kizito. Madereva wa malori walipiga honi, na makonda wa magari mengine walimzomea Clever kwa jina. Mwanzoni Witness alizifurahia zomeazomea zile, lakini mkono ulipoanza kufa ganzi zilimwingia na yeye. Walipofika nusu ya njia Clever alitua kiroba akajifuta jasho.

"Siku ile wewe na bibi yako mlikibeba kama hiki wenyewe?"

"Ndiyo, na yeye kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeumia."

Walipokiinua tena, Clever alichukua upande mzito.

Nyumbani kwa shangazi Jenista walimkuta Bibi amekaa kivulini, amempakata mtoto, akimwita Enesi, Enesi, na mtoto akigeuza kichwa kana kwamba amelijua jina hilo siku zote. Goodness, aliyemsindikiza kutoka kituoni, alikuwa kando yake na kikombe cha maji. Aliwatazama wawili wale waliojaa vumbi, akasita, kisha akampa Witness.

"Kunywa," alisema. "Lakini Jumatatu bado nakaa na Nesta."

"Sawa," Witness alijibu, na akanywa.

Clever alivua kofia, akapiga magoti mbele ya Bibi Ruti, na safari hii hakutazama ukuta. "Nisamehe, Bibi. Wewe siyo mzigo."

"Hiyo sasa nimeisikia," Bibi alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umeona, Witness? Nilimtaka alipe alichofanya, na amelipa hichohicho, hakikuzidi wala hakikupungua. Ungemlipisha asichofanya, leo tungekuwa tunampigia magoti sisi. Haya, nendeni mkanawe. Maharage hayajipiki."