Treni ya Domina

"Siwema, hapa pameandikwa nini?"

"Si umeshasoma, Lupa."

"Nimesoma. Nataka nisikie kwako."

Siwema, mpenzi wake wa sasa, akatazama pembeni. Kwenye ukumbi ule wa Mikumi mafundi walikuwa bado wanatundika kazi za wasanii wa leo kutoka India na Vietnam, na za Wahindi waliozaliwa huku kwetu. Miezi minane Siwema alizunguka akizitafiti na kuzikusanya kwa maonyesho haya. Katikati lilining'inia shuka la Domina, marehemu mke wa Lupakisyo: treni iliyotariziwa kwa uzi mwekundu, madirisha yake vioo vidogo vidogo. Mama wa Kihindi mwenye duka pale Kilosa ndiye aliyemfundisha kushona vile.

Karatasi chini yake ilisema: Kilosa. Msanii hajulikani.

"Hajulikani! Nimelala naye miaka kumi na tisa!" Lupakisyo akafoka. "Hao wakubwa wako hawana haya. Alipougua, wakubwa wa hospitali walisema dawa hakuna. Leo hata jina hakuna?"

"Lupa..."

"Mtu akishapewa kiti, sisi wengine vumbi! Nipe namba ya bosi wako."

Wakubwa hawakuwepo kujitetea. Siwema angeweza kuwatupia mzigo wote, yakaisha.

"Si wao. Ni mimi."

"Wewe?"

"Nikikupikia, unasema Domina alikuwa anatia karanga. Nikicheka, unageukia hilo shuka. Nikasema, hata huku nimwandike yeye? Nilitaka siku moja tu asiwepo."

Lupakisyo akasimama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Miaka mitatu tangu msiba, hakukosa mkubwa wa kumlaumu. Siwema hakumtarajia.

"Uliniomba shuka umenishika mkono," akasema taratibu.

"Najua. Nisamehe."

"Bandua."

Siwema akabandua. Akachukua karatasi mpya, akaandika: Domina Rafaeli, Kilosa.

"Ongeza. Mke wa Lupakisyo."

Akaongeza. Hakuinua uso.

"Narudi Kilosa. Usinipigie."

Hakupiga. Siku ya tatu, maonyesho yalipofunguliwa, ukaingia ujumbe wake: "Watu wanasimama pale. Wanalisoma jina lake kwa sauti."

Lupakisyo akausoma mara tatu. Alitafuta wa kumwonyesha, nyumba ilikuwa tupu. Akapiga yeye.

"Umekula?" Siwema akauliza.

"Bado."

"Hata mimi."

Hakuna aliyekata simu.