Kobe Waliopewa Jina la Lydia

Hebu nikuulize, wewe unayenisikiliza: umewahi kuona jasusi aliyefungiwa mlango kwa nje na madam wake, ufunguo ukatumbukizwa mkobani?

Basi huyo ndiye Jael.

Saa tisa na dakika kumi alasiri, ghorofa ya pili, mtaa wa Ruwais, Jeddah. Nje jua linakaanga mabodi ya magari. Ndani, Jael amesimama nyuma ya mlango, mopu mkononi, sikio limebanwa kwenye mbao.

Sikioni mwake mna kidude kidogo kama punje ya dengu. Kikakoroma.

"Tai, uko wapi?"

Ni Reuben, mkubwa wake, Nairobi, akimwita kwa jina la kazi.

"Ndani."

"Bado?"

"Bado."

"Maonyesho ya wanyama yanafungwa saa kumi na moja. Fanya kitu!"

"Nimeshadeki mara mbili, bosi."

Usimcheke. Jael alikuwa afisa wa upelelezi wa wanyamapori, miaka kumi na mmoja kazini. Bunduki aliweza kuifungua na kuifunga macho yamefungwa kwa leso. Lakini mwaka huu bunduki hana. Ana mopu, ana chupa ya Dettol, na ana kifungo kimoja cheusi chenye kamera, alichochukua kwa muuza vitambaa wa Batha kule Riyadh, siku madam alipomtuma mapazia. Hivyo tu. Pasipoti yake ya bandia imo ndani ya sefu ya madam, pamoja na ile ya kweli ya Lydia.

Na Lydia ndiye aliyemnyima usingizi.

Lydia alikuwa mfanyakazi mwenzake katika nyumba ya madam, Riyadh, msichana wa Mumias, miaka miwili sasa hajatoka na hajauliza. Madam akisema fua usiku, aiwa madam, ndiyo. Baba akisema rudi jikoni, aiwa baba. Ameambiwa likizo mafi, hakuna, akajibu aiwa. Neno la kukataa lilikuwa limemtoka mwilini kabisa.

Kafili wao, yaani mwajiri wao, Hazza, huyo aliyeitwa baba, alikuwa na chumba nyuma ya gereji. Humo mlikuwa na kobe sitini, wale bapa kama chapati wanaoishi kwenye nyufa za majabali ya Mwingi. Waling'olewa kwa vyuma, wakafungwa mmoja mmoja ndani ya soksi wasicheze, wakasafirishwa ndani ya marobota ya viatu. Jael alitumwa kuwafuata hao, akijifanya mtumishi wa ndani. Miezi mitatu aliosha makreti yao kila asubuhi, na asubuhi nyingi akaokota mmoja aliyekufa. Hakuruhusiwa kumwita daktari. Hakuruhusiwa hata kuonyesha kwamba anajua ugonjwa wao. Sitini wakawa arobaini na mmoja.

Waliobaki walibaki kwa sababu ya Lydia. Yeye ndiye aliyegundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba ukisimamisha vigae viwili vikaribiane kama ufa wa jiwe, ukachomeka majani katikati, kobe anaingia mwenyewe na kula.

Jioni moja Jael alikifungua kifungo chake na kupiga picha makaratasi ya Hazza. Akaona jina la mwenye wanyama.

Lydia. Na kidole gumba chake, cha wino wa buluu.

"Ulitia kidole wapi, dadangu?" alimuuliza walipokuwa wakimenya vitunguu.

"Si ile karatasi ya ikama? Baba alisema ni ya kurinyuu kibali cha kukaa huku."

"Uliisoma?"

"Aki Jael! Kiarabu mimi nisome na macho gani?"

"Sikiliza. Ukiulizwa siku yoyote kama kobe ni wako, sema si wako."

Lydia akacheka, machozi ya vitunguu yakimtiririka. "Nani aniulize mimi? Wewe una maneno. Mimi nasema aiwa, siku inaisha."

Jael akampigia Reuben. Wakikamatwa hao kobe, anayekwenda jela ni msichana huyu!

Reuben akamkatiza. "Kazi yako ni kobe na Hazza. Ukijitambulisha kwa huyo dada, kesi imekufa na wewe umekwisha. Ni amri."

Ndiyo hali aliyokuwa nayo nyuma ya mlango ule. Hazza amekuja Jeddah kuuza. Lydia amechukuliwa kubeba makreti. Jael ameachwa kusafisha fleti ya kupanga.

Kitasa kikakwaruza.

"Bibie, ni mie. Nshafika. Usinipige na huo mti."

Mlango ukafunguka. Mselem, fundi wa viyoyozi na msaidizi wao pale Jeddah, tumbo mbele, waya wa kufungulia vitasa katikati ya meno. Babu yake aliteremka Jeddah na familia baada ya mapinduzi ya Unguja. Yeye Unguja yenyewe ameiona kwenye simu tu, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha mama zake.

"Umechelewa, mzee."

"Kitasa cha Kijerumani hichi, mwanangu. Nimekibembeleza. Shika, abaya ya mke wangu Samia. Na nikabu. Na glavu. Mikono yako inanuka Dettol toka ngazini."

Dakika tatu, Jael hayupo. Pamesimama mke wa mtu, mweusi tititi, kile kifungo cheusi kimebanwa kifuani, macho mawili tu.

Hilux ya Mselem ikakata kona kwa kona kuelekea kaskazini.

"Hazza atanijua."

"Hatokujua. Miezi mitatu amekuangalia usoni hata mara moja?"

Jael akaivuta nikabu juu ya pua.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa watu na harufu ya vumbi la mbao. Taa za joto zilikuwa zikiwaka juu ya vioo. Chatu wamejikunja kama kamba za kisima, vinyonga wameshikilia vijiti, watoto wamebandika pua kwenye makreti.

Meza ya kwanza alikaa mzee wa Kihijazi, muuza mijusi ya madoadoa. Kabla hujanyoosha mkono anakupulizia dawa kwenye viganja. Mteja mmoja alikuwa na haraka.

"Nifungie huyu."

"Nyumbani una sanduku lenye taa?"

"Nitanunua baadaye."

"Basi na mjusi utamnunua baadaye," mzee akampa kijana huyo kisogo.

Jael akatabasamu ndani ya nikabu. Huyo ndiye muuzaji wa kununua kwake. Anakuuliza zaidi kuliko unavyomuuliza.

"Tai, naona kwenye kamera yako," Reuben akanong'ona. "Meza ya kumi na nne."

Hazza alisimama pale, kanzu nyeupe pee, Rolex mkononi. Nyuma yake Lydia, kichupa cha maji mkononi, akipuliza kreti baada ya kreti. Akainua macho akamwangalia yule mwanamke wa nikabu. Akayashusha. Hakumjua.

Meza ya jirani aliinama mwanamke akitazama vinyonga, kigari cha mtoto mbele yake. Ndani ya kigari hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na pingu. Jina lake Kapteni Safa, wa kikosi cha nchi ile cha kulinda wanyama, aliyedokezwa na Reuben bila kuambiwa Jael ni nani. Yeye alihitaji kitu kimoja tu: Hazza aseme kwa kinywa chake, na atie saini kwa mkono wake, kwamba kobe ni wake.

Jael akamgusa Mselem kiwiko. Mselem akaanza, kwa Kiarabu cha kubembeleza.

"Salamu aleikum. Mke wangu anataka kobe mwenye afya."

"Wote wana afya! Tazama wanavyong'ara."

Walikuwa wanang'ara kweli, kwa mafuta ya nywele. Jael akamnyanyua mmoja. Mwepesi kama ganda la yai. Machoni pamebonyea. Puani mna povu dogo linalotoka na kurudi kila akipumua. Akamrudisha polepole. Wa pili, kupe watatu kwenye mkunjo wa paja. Wa tatu akaachama mdomo, akatafuta hewa.

Alimjua huyo wa tatu. Alimwosha juzi. Angeweza kumwambia dawa yake na kipimo chake, na hakuweza kusema hata neno.

Akamnong'oneza Mselem. Mselem akauliza: "Anakula nini? Tunataka kumwona akila."

Hazza akamsukumia kobe jani la letisi. Kobe akaingiza kichwa ndani.

"Ana haya," Hazza akacheka. "Ni wanawake wengi mbele yake."

Hapo Lydia, bila kutumwa, akasimamisha vifuniko viwili vya plastiki vikaribiane, akachomeka jani katikati. Kobe akatoa kichwa, akaenda, akauma. Alifanya hivyo kwa huruma tu. Hakujua anamsaidia nani.

"Huyo," Mselem akasema. "Tunamchukua. Nani amemzalisha?"

Hazza akavuta karatasi. Jael akaliona lile jina, na lile dole la buluu.

"Kila kitu kimeandikwa. Mwenyewe ni mfanyakazi wangu, anapenda wanyama, maskini."

Jael akamsogelea Mselem sikioni.

Mselem akamgeukia mkewe wa uongo, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, kisha akapiga ulimi. "Mke wangu hataki kununua kwa mtumishi. Anasema kama bwana huyu hajui kuzalisha, twende kwa yule mzee wa mijusi. Yule anazalisha mwenyewe."

"Yule?" Hazza akatoa macho. "Yule anauza wadudu!"

"Lakini wake mwenyewe."

"Na hawa ni wangu!"

"Ah, bwana, umesema ni wa mtumishi."

"Karatasi ni karatasi! Miaka minne nimewazalisha mimi, Riyadh, kwangu! Baba yao ninaye, mama yao ninaye!"

Watu wawili watatu wakageuka. Kigari cha mtoto kikasimama.

"Basi tuandikie," Mselem akasema taratibu. "Hati ya afya. Kwamba wewe ndiwe mwenyewe, umewazalisha, hawana ugonjwa. Kama wanavyofanya wazalishaji wa kweli."

Hazza akaichomoa kalamu yake ya Montblanc.

Jael akakielekeza kifungo kwenye karatasi.

Jina. Tarehe. Saini ndefu yenye mkia.

"Halas, imekwisha!" Hazza akasema. "Umeridhika, bibi?"

Kapteni Safa akauacha mkono wa kigari, akaweka kitambulisho juu ya meza, katikati ya letisi.

"Mimi nimeridhika."

Wanaume wanne waliokuwa wakitazama chatu hawakuwa wakitazama chatu. Walifunga njia zote mbili.

"Hongera, Tai," Reuben akasema. "Kazi imekwisha. Ondoka."

Lakini haikuwa imekwisha. Hazza hakukimbia wala hakutetemeka. Aliishika ile karatasi ya kwanza, akaipeperusha.

"Nilijisifu tu, Kapteni, mbele ya mteja. Ni dhambi? Serikalini wameandikwa kwa huyu. Kidole chake hiki. Muulize mwenyewe."

Safa akazishika karatasi mbili, wenyewe wawili. Akamgeukia Lydia. Uso wake haukuwa mbaya, lakini sheria ilikuwa usoni.

"Dada, nitakuuliza mbele ya watu hawa, na jibu lako litaandikwa. Kobe hawa ni wako?"

Hazza akasema kwa sauti laini, ile ya mezani nyumbani. "Lydia. Sema aiwa."

Jael alikuwa hatua mbili tu. Neno moja la Kiswahili lingetosha. Hapana. Herufi sita.

"Tai, usifungue mdomo," Reuben akasema sikioni. "Wakijua uliishi nyumba ile kwa pasipoti ya uongo, wakili wa Hazza atakula kesi nzima. Hazza atarudi nyumbani leo. Na huyo dada atarudi naye."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililouma. Akisema, anampoteza Lydia. Akinyamaza, huenda akampoteza vile vile. Kila alichofundishwa, kutega, kufuata, kuvunja mkono wa mtu kwa vidole viwili, hakikuwa na kazi pale. Yote yalikuwa mdomoni mwa mtu mmoja ambaye miaka miwili hajakataa kitu.

Mselem akamvuta kwa kiwiko. "Twende, mwanangu. Tukikaa tutaharibu."

Jael akageuka.

Akatengeneza glavu yake, kidole kwa kidole. Akatembea. Wala hakukaza mwendo, kama mke wa mtu aliyechoshwa na mijusi. Meza ya kumi na mbili. Meza ya tisa.

"Lydia," Hazza alisema tena, sauti imepanda. "Yalla! Sema!"

Meza ya saba. Jael alizihesabu kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya kuhesabu. Alimsikia madam naye, amefika mbio, viatu vikigonga sakafu: "Lydia! Aiwa! Aiwa, Lydia!"

Meza ya kwanza. Yule mzee wa mijusi alikuwa amesimama, anatazama kule nyuma, chupa ya dawa imemganda mkononi.

Hapo ndipo ikaja sauti. Mwanzoni ndogo, Kiarabu cha jikoni, kilichovunjikavunjika.

"Mafi."

"Unasemaje?" Safa akauliza.

"Mafi, Kapteni. Si wangu."

"Kidole je?"

"Kidole changu. Kobe si wangu. Baba alisema ni ikama."

Reuben akashusha pumzi ndefu sikioni. Jael hakugeuka. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango wa kioo, jua la Jeddah likimsubiri upande wa pili, na Mselem ametangulia kuiwasha Hilux. Akausukuma mlango nusu, akabaki hivyo, kama mtu anayerekebisha nikabu yake kabla ya kutoka juani.

Kule nyuma madam alikuwa anapiga kelele kwamba msichana huyu hana adabu, kwamba walimpa chakula, walimpa kitanda, sasa anataka nini tena, hebu aseme, anataka nini?

Na Lydia akamjibu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, ukumbi mzima ukasikia, walioelewa na wasioelewa:

"Nataka pasipoti yangu! Nipewe mkononi, mimi mwenyewe, leo!"