Kura ya Mjane wa Newark

Mwaka 1807, soko la Newark, jimbo la New Jersey huko Marekani, lilikuwa limefurika. Lemuel Terhune, koti la buluu, vifungo vikimetameta, alikuwa akiomba kura za Bunge la jimbo. Alimpita Keziah Pruden, mjane kijana aliyekuwa akiuza mvinyo wa tufaha mlangoni pa duka lake, kana kwamba hakuna mtu pale.

"Bwana, mbona mimi huniombi?" Keziah alimwita. "Hapa New Jersey mjane au asiyeolewa, mwenye mali yake, anapiga kura. Au hujui sheria unazotaka kwenda kutunga?"

Wauza samaki wakacheka. Lemuel akarudi, akanywa bilauri baada ya bilauri apate kisingizio cha kusimama pale. Mapenzi hayabishi hodi. Kabla ya mavuno alikuwa ameshamposa.

Keziah alitaka ndoa ifungwe upesi. Mwanamume ndiye aliyeomba wangoje.

"Nikikuoa leo, mpenzi, kura yako imekwenda. Mke wa mtu hapigi."

"Kumbe wanipenda kwa hesabu," alimtania, lakini alingoja.

Siku ya uchaguzi alivaa gauni la hariri ya zambarau, akawapita walevi waliokuwa wakimzomea mlangoni, akapiga kura. Wajane wenzake aliwavuta mmoja mmoja, pamoja na dadake Dorcas, ambaye hakuwa ameolewa wala hakuwa na haja ya kuolewa. Lemuel akashinda kwa kura chache, na mji mzima ulijua ni za nani.

Novemba Bunge likakaa Trenton, likapitisha sheria kwamba kura ibaki ya wanaume weupe tu. Lemuel aliiunga mkono. Aliporudi na pete mfukoni, habari zilikuwa zimemtangulia.

"Chama ndicho kilichotaka," alijitetea. "Halafu, mpenzi, ungeolewa nami ungeipoteza vilevile. Hasara iko wapi?"

Keziah alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mimi ningekupa kwa mkono wangu, Lemuel. Wewe umeninyang'anya. Na Dorcas je, yeye umemwoa lini?"

Keziah alimfungulia mlango, na Lemuel akatoka na pete yake.

Mwaka uliofuata Lemuel aligombea tena. Keziah angetoa duka zima apate kura moja tu ya kumpinga. Alisimama dirishani akawatazama walevi wale wale wakiingia kupiga zao.